Maji Yaliyoingia Kwenye Pipa la Dizeli

Jilo mwanangu,

Sijui uko Mombasa au umeshapita ukaenda mbali zaidi. Barua hii nimempa yule Muorma anayeswaga ng'ombe mpaka Malindi, nikamwomba aipitishe kwa watu wetu wa Tana popote atakapowakuta. Atakayeisoma na aisome kwa sauti. Wewe ulisingiziwa mbele ya watu, basi na haya yasikike mbele ya watu.

Shule yangu waijua, ni ile miaka miwili ya misheni pale Ngao. Herufi zikipanda na kushuka, nivumilie.

Wakumbuka trekta la chama cha wakulima lilipokuja mara ya kwanza, ukachaguliwa wewe kuliendesha? Ulinikalisha juu ya madigadi, mkono mmoja nimeshika leso, mwingine nimekushika wewe, nakulilia uende polepole nawe wacheka tu. "Mama, hata kobe anatupita." Ukirudi nyumbani shati lanuka dizeli, nalifua mara mbili na bado lanuka. Nilikuwa nanung'unika. Mwaka huu mzima nimeitamani harufu ile.

Halafu ikaja siku ile. Mafuriko yalikuwa yamerudi mtoni, udongo uko tayari, trekta likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazima katikati ya shamba. Ulifungua kile kikombe cha kioo chini ya tangi ukakuta maji. Wazee wa chama wakaja, na mmoja akasema umewauzia dizeli watu wa malori ukajazia maji. Jirani yetu mama Hamesa akadakia: "Jilo ametufugia trekta. Lanywa mtoni kama ng'ombe." Watu wakacheka naye. Na mwaka ule hatukuvuna kitu.

Hayo ungeyavumilia. Aliyekumaliza ni mimi. Nilikuandalia chakula, na ulipoanza kula nikakuuliza, "Mwanangu, mafuta uliyapeleka wapi?" Ukarudisha tonge sahanini. "Hata wewe, mama?" Kulipokucha kitanda chako kilikuwa kitupu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita lori lilishusha pipa jipya la dizeli ng'ambo, upande wa barabara ya Garsen. Dereva sasa ni mdogo wako Buya, naye alikuwa shambani akifunga jembe la trekta. Mimi nilikuwa mtoni nafua. Mjomba wako Maro akaja na pipa kama afanyavyo siku zote: halikupakiwa mtumbwini, limefungwa kamba nyuma, laelea, lavutwa kama gogo. Lilipofika karibu yangu nikaona mapovu. Yatoka kwenye kizibo, moja, jingine, jingine. Nikasimama na nguo mkononi. Pumzi ikitoka, kuna kitu kinaingia.

Pipa lilipopandishwa ukingoni nikachota dizeli ile kwenye chupa, kama ulivyonionyesha siku moja pale mlangoni, nikaiacha itulie. Maji yakakaa chini, mafuta juu, na katikati mpaka mwembamba kama uzi. Nilikimbia shambani na ile chupa. Buya alikuwa ameshaletewa madebe mawili na kuyamimina tangini, na trekta limeshazima kwa kikohozi kilekile.

Na ni nani aliyemfundisha Maro kuvuta pipa? Mimi. Mwaka ule mtumbwi ulikuwa karibu kuzama kwa uzito, nikawapigia kelele kutoka ukingoni: "Mwahangaika nini? Mafuta huelea. Lifungeni kamba mlivute." Nikajiona mjanja. Wewe ulilikuta pipa limeshapandishwa, limekaushwa na jua. Ungejuaje?

Jumapili baada ya ibada nilisimama nikayasema yote. Maro aliinamisha kichwa. Mama Hamesa hakucheka. Mzee wa chama akaniambia, "Tumesikia, mama Jilo. Jina la mtoto wako ni safi. Lakini shamba je?"

Buya amemwaga maji ya tangi, amesafisha mirija, ametoa hewa iliyonasa ndani yake. Pipa tumelilaza upande mmoja likatulia, tukachota ya juu tu, tukaichuja kwa leso yangu. Trekta languruma kidogo, lafa. Twajaribu tena, lafa. Udongo umeanza kupasuka. Wanawake tumeshika majembe ya mkono, lakini shamba lile lote tutalimaliza lini? Buya hali chakula. Jana nimemkuta akikunja nguo zake, nikaketi mlangoni nikakataa kuondoka.

Jilo, sikuandikii uje ulitengeneze. Watu hapa wanataka hivyo, wameniambia niandike hivyo, mimi nimekataa. Nakuandikia kwa sababu nimekukosea, na sijui kama uko hai. Naulizia kwa kila atokaye pwani, mpaka wengine wakiniona wabadilisha njia.

Kama huwezi kunitazama usoni, usije. Nitaelewa. Ila mtume mtu, hata awe mgeni asiyejua jina lako, aje aniambie tu kwamba amemwona kijana wa Tana mwenye kovu kwenye kidevu, na kwamba alikuwa anakula. Sitamuuliza zaidi ya hapo.

Mungu akutangulie huko nisikokujua.

Mamako, mimi niliyewazaa wewe na Buya