Ua Katikati ya Nyumba ya Mwalimu Chemtai

Kitale,
Jumapili jioni.

Mpendwa Baba,

Mulembe kutoka huku Kitale. Goti lako linaendeleaje? Natumaini Mama bado anakukataza kupanda ngazi za mjengo. Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa saruji. Msione nimewatupa, tangu Krismasi kazi moja imenifunga huku, na leo ndiyo nimepata nafasi ya kuwaeleza.

Nilipewa kukarabati nyumba ya Mwalimu Chemtai, mama mstaafu. Alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, na mwanawe Ndiwa akamtoa shambani kwake Mlima Elgon akamleta mjini, karibu na hospitali. Nyumba ni imara, Baba, lakini madirisha ni madogo na yako juu, na nje ni matofali ya kabro tupu, hakuna hata jani. Mama wa watu alikaa kutwa akitazama ukuta. Mazoezi aliyakataa, na chakula alikigusa tu.

Ndiwa alitaka niweke vigae na vyuma vya kushikilia ukutani. Nikamchorea zaidi: dirisha pana la kuonyesha mlima mtu akiwa ameketi, na katikati ya nyumba tung'oe sakafu, tuache ua mdogo wa nyasi, migomba na mboga za managu, wazi kwa jua na mvua. Alikataa. Alisema matope na mbu vitammaliza mamake. Mafundi nao wakanicheka, ati msichana analima sebuleni.

Nikampelekea Mwalimu mwenyewe michoro. Alikuwa hajawahi kuongea nami. Aliitazama, akaweka kidole penye ule ua, akasema polepole, "Hapa. Nataka kukaa hapa."

Ndiwa alikuwa mlangoni, akasikia. Alitoka nje. Aliporudi akaniambia nianze, mradi maji yasituame. Nikachimba mfereji vizuri, hata mvua kubwa ikapita salama.

Wiki iliyopita nilikuwa napaka rangi nikasikia mtu anakokota mguu. Mwalimu alikuwa ameinuka peke yake, ameshika vyuma. Alifika nyasini, akavua viatu, akainama, akanyoosha mkono ule uliolegea kwenye managu. Ulikwenda polepole, Baba, lakini majani yalichumika. Ndiwa alikuwa amesimama pale analia waziwazi. Mamake akamtazama, akamwambia, "Niletee sufuria. Leo napika mimi."

Tulikula sote, mafundi pia, na Mwalimu akajiongezea ugali. Siku hizi mazoezi anafanyia uani kila asubuhi, bila kusukumwa. Na jana Ndiwa alinikabidhi kazi ya kujenga nyumba yake mwenyewe, mimi nikiwa msimamizi. Wale walionicheka ndio waliotangulia kuomba kazi, na nimewachukua.

Nisalimie Mama sana, shangazi Nafula anayeuza nyanya Chwele, na kaka Wekesa na mkewe. Wambusu mtoto wao mchanga kwa niaba yangu. Mungu awatunze hapo Kamukuywa.

Nabaki binti yenu,
Nasimiyu, fundi mkuu.