Droni Iliyonuka Mafuta ya Papa

Nangurukuru,
Jumapili, jua limetoka.

Kaka Idd,

Shikamoo. Kabla hujauliza habari ya mtu yeyote, jua kwanza kwamba kuanzia hapa njia panda mpaka Sudi, na nikitaka naongeza na Rondo yote kule juu, hajazaliwa kijana wa kunifikia mimi. Wenzangu wanafufua injini za bodaboda wanajiita mafundi. Mimi nimefufua mtu. Mtu kabisa, mwenye mke na ndevu, ambaye mikeka ya matanga yake ilishatandikwa na uji wake watu walishakunywa. Meza mate kidogo, kisha turudi kwenye adabu.

Habari za huko Mtwara? Mguu unaendeleaje? Mama anauliza kama plasta imeshatolewa, nami nauliza kama bado unawalilia manesi wakikugeuza. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, ila kifua kinambana kidogo kwa ajili ya baridi. Mkaza mjomba Kudra ni mzima, ingawa amenuna. Mjomba Shamte naye ni mzima, na neno hilo nakuomba ulishike kwa mikono miwili, maana mbele huko litataka kukuponyoka.

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama mzee wa pensheni wakati simu ipo na mtandao umerudi. Sababu ni wewe mwenyewe. Ningekutumia sauti ungenikatiza hapohapo, na matusi yako nayajua ladha yake. Barua ina heshima. Mtu anasoma mpaka mwisho ndipo anatukana. Nimempa Anthony, yule kondakta wa basi anayejifanya hanijui akipakia abiria warembo. Akikuletea imekunjwakunjwa, ujue aliikalia.

Droni yako ya kupigia picha za harusi ni nzima. Naliweka mapema moyo wako ushuke mahali pake. Ndiyo, niliirusha. Ndiyo, kwenye mvua. Sasa kaa vizuri.

Mvua ilipokaza, Mjomba alikuwa ng'ambo ya mto kwenye mpunga wake, anawinga ndege wasiule. Unamjua Mjomba na dungu lake. Akishapanda kwenye kile kichanja na teo lake la kurushia mawe, humwoni nyumbani mpaka chumvi imwishie. Basi mto ukajaa kwa ghafla, ukaufunika mpunga wote, na huku ng'ambo tukawa tunaona maji ya udongo tu yanapita na magogo. Dungu liko nyuma ya kona, miti imelificha. Tuliita mpaka sauti zikakauka.

Vijana walitaka kuingia na mtumbwi. Wazee wakawazuia, na siwalaumu, maana maji yale yalikuwa yanang'oa miembe. Walisema hivi: kama Shamte yupo hai, tutafunga kamba tuingie, liwalo na liwe. Kama ameshachukuliwa, hatuongezi maiti juu ya maiti, tunangoja maji yapungue. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu, yupo au hayupo. Mama alikuwa amesimama ukingoni tangu alfajiri, hajala kitu, kanga imemgandia mwilini. Unajua hana ndugu mwingine wa tumbo moja. Mara akageuka akanitazama mimi, akauliza ile nyuki ya kaka yako si inaona mbali?

Nikamwambia wewe, kaka, umekataza isirushwe kwenye mvua hata kama anaolewa binti wa sultani. Akanijibu taratibu kwamba Idd amezaliwa na yeye, na aliyemfundisha Idd kutembea ni huyo aliye ndani ya maji. Sasa wewe ungesemaje? Nikakimbia kuichukua.

Hapa ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na uisome bila wivu. Fizikia niliikimbia kidato cha pili, lakini nilijiuliza swali ambalo mwalimu yule hakuwahi kuniuliza: kwetu pwani kitu gani kinashinda majini na hakiozi? Chombo. Na chombo kinapakwa nini? Mafuta ya papa. Mzee Haruna, yule anayetengeneza mashua kule Kivinje, alikuwa na kopo lake nyumbani. Nilipomweleza alicheka akashika mbavu, akaniuliza nataka kuirusha au kuikaanga. Lakini akanipa. Nikaipaka droni kila ungio, juu, chini, ubavuni, mpaka ikawa inateleza kama kambare. Mgongoni nikaivalisha mfuko wa mkate, nikaubana na raba, nikaacha mapanga yake huru na yale matundu ya kupumulia wazi, maana nilijua nikiyaziba itajipika yenyewe. Kamera nikaitengenezea kofia kwa kukata shingo ya chupa ya maji. Betri nikaiweka kwapani, kwa sababu ikipata baridi inazimia hewani. Niambie huko mjini nani amewaza hivyo.

Nikairusha kutoka juu ya kinu kilichogeuzwa, ili isichote matope, Mzee Haruna ameishikia mwavuli kama bibi harusi. Ikapanda! Kaka, ilipanda kwenye mvua ile bila kukohoa. Mwewe wakaja kuisindikiza, nadhani kwa ile harufu walijua ni samaki aliyepotea njia. Watu wakapiga vigelegele. Wale wanaoniita mzururaji waliniita fundi, na wengine wakaongeza bwana mbele yake.

Ilipofika kwenye dungu, picha ikaja kwenye simu yangu na ukungu. Watu wamenijazania kichwani, kila mmoja ananipumulia sikioni, anauliza vipi, vipi, vipi. Wao waliona weupe tu, wakaningoja mimi niwasomee. Nikasoma. Nikawaambia dungu ni tupu.

Basi. Kilio kilichoanza hapo sitakuandikia. Wazee wakasema Inna lillahi, na vijana waliokwisha kuvua mashati wakayavaa tena. Mkaza mjomba Kudra alivuliwa bangili akaingizwa ndani kukaa eda. Mama hakulia. Alikaa chini pale pale kwenye matope, nasi tukamnyanyua kama mtoto.

Nilirudi na droni yako nikaitunza, hilo usiwe na shaka. Watu wanasema kitu kikilowa kizike kwenye mchele. Mchele una vumbi, kaka, na ungeingia kwenye mota. Mimi nilikwenda kwa Veronika anayeuza viatu hapa stendi, nikamwomba vile vipakiti vya chembechembe vinavyokaa ndani ya maboksi, vilivyoandikwa usile. Alidhani nimechanganyikiwa kwa msiba, akanipa vyote. Nikaifuta droni kwa kitambaa kikavu, nikaondoa mafuta kila pahali kwa sababu nzi walikuwa wameshahamia, nikaitoa betri, nikaifungia kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipakiti vyangu. Ikakauka kama biskuti.

Siku ya pili mvua ikawa manyunyu. Wazee wakanituma tena, safari hii nitafute mwili, ili ijulikane utazikwaje. Nikairusha kavu kabisa, kamera imefutwa kwa pindo la kanga ya Mama. Picha ikaja safi, ungeweza kuhesabu makuti ya dungu. Na juu ya dungu, kaka, kamesimama kamtu. Kifua wazi. Kanazungusha mkono. Nikawa bado nakasogelea, jiwe likapita mbele ya kamera vuup! Shemeji yake Kudra, aliyekuwa amenishika bega akilia, akapiga ukelele, jamani, marehemu anatupiga mawe! Likaja la pili. Mzee Haruna ananifokea, mkwepe marehemu, we mtoto, mkwepe! La tatu likaipata droni kwenye mkono, ikayumba, nikaivuta nyumbani inachechemea. Watu walikuwa wanacheka na kulia kwa mdomo mmoja. Mama alicheka, kaka. Alicheka amejishika kichwa.

Vijana hawakungoja kuambiwa. Walifunga kamba kwenye mti, wakaingia na mtumbwi, na kabla ya adhuhuri Mjomba alikuwa huku, amenywea, midomo myeupe, teo bado kiganjani. Alipoona mikeka akauliza nani amefariki. Mzee Haruna akasema kwa adabu, ni wewe, bwana Shamte, pole sana. Kudra alitoka ndani mbio, eda ameitupa huko. Sasa unajua kwa nini amenuna? Mume wake alimtazama, akamuuliza kama kuna mpunga wowote uliosalia. Hajamsamehe mpaka leo. Anampikia lakini anaweka sahani kwa kishindo.

Tangu siku hiyo nyumba imejaa. Mama amefunga nadhiri ya kusomesha maulidi. Mjomba anakoroma chumba cha pili ninapoandika, na mkoromo ule uliokuwa unatukera sote Mama anakaa mlangoni kuusikiliza. Droni ina mkwaruzo mkononi, panga moja nimelibadilisha na lile la akiba, na inapaa vizuri. Inanuka papa tu, paka analala juu ya boksi lake. Harusi ijayo mwambie bibi harusi azidishe udi.

Ningetamani niishie hapa, kaka, barua ingekuwa tamu. Lakini kuna jambo.

Jana Mjomba aliniita nyuma ya jiko, wenzetu wakiwa wanakula. Hakuwa na hasira. Aliniuliza siku ile ya kwanza niliona nini. Nikamwambia ukungu, Mjomba, mvua. Akatikisa kichwa. Akaniambia siku ile alikuwa amesimama. Droni ilikuja ikasimama mbele yake, karibu mpaka akaisikia harufu ya papa. Alivua shati akapunga mpaka bega likamuuma, akaita jina langu, kwa sababu alijua ni mimi. Halafu ikageuka ikarudi zake. Akangoja mtumbwi. Hakuona mtumbwi. Jua lilipoanza kuzama akajiambia basi, wameniona, wamepima maji, wameniacha. Akafunga nguo kiunoni, akashuka kwenye maji mpaka kifuani ili avuke mwenyewe. Gogo likapita mbele ya uso wake, akarudi juu. Yale mawe ya siku ya pili, kaka, hakuwa anawinga ndege. Alikuwa anatupiga sisi.

Nilimwambia tena kwamba ni ukungu. Mara ya pili nilidanganya vibaya kuliko mara ya kwanza. Ukungu haukuwepo. Yale mafuta niliyojisifia hapo juu yaliteremka na mvua yakatanda kwenye kioo cha kamera ilipokata kona, nikaisimamisha kwa kukisia, na kwenye simu hapakuwa na dungu, wala mto, wala kitu, palikuwa na tui la nazi. Sikuona dungu tupu. Sikuona dungu kabisa. Nilitakiwa niseme sioni, neno moja, nishushe droni, niifute, niirushe tena. Betri ilikuwa bado inayo nguvu. Lakini walikuwa wameniita fundi, na Mama alikuwa ananitazama usoni, nikaona aibu kusema sioni. Nikasema hakuna mtu. Na wazee walizuia mtumbwi kwa neno hilo, si kwa lingine.

Mjomba amejua, nadhani. Alinitazama tu, akanishika shingo kama anavyofanya, akaenda kula. Hajamwambia mtu. Mama hajui. Mama kila jioni ananipakulia mimi kwanza, kabla ya Mjomba. Kesho baada ya alfajiri nitamweleza, kabla sijapata nafasi ya kutunga maneno. Ukiipata barua hii nitakuwa nimeshasema, na kama nitakuwa sijasema, piga simu umwambie wewe.

Mama anakusalimu sana na anakuombea upone usiku na mchana. Mkaza mjomba anakusalimu, kwa kununa. Mjomba Shamte amesema nikuandikie kwamba yuko hai na anakungoja. Wasalimie na hao manesi. Sasa unaweza kutukana, nasikiliza.

Ni mimi mdogo wako,

Tawakali