Kigingi Nilichohamisha

Kikima, 9 Oktoba 1993

Muthoki mjukuu wangu,

Sisi tuko wazima. Wewe sijui, maana siku hizi unaandika kama mtu anayekimbilia basi. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mvua bado.

Unasema kompyuta ya ofisini kwenu imechora mitaro ya kuzuia udongo usijaze silanga letu, hili bwawa la kijiji, ikaonyesha maji yanapanda mlima hapa kwangu. Mkubwa wako akakucheka mbele ya watu, eti hujui kazi, atampa mwingine. Sasa nauliza: hiyo mashine haijawahi kufika Kikima. Ilijuaje kuna kitu kimeharibika?

Maana ni mimi. Siku ya kwanza mlipima kimo cha mlima penye vigingi, siku ya pili mkarudi na kamba kupima umbali. Katikati hapo niling'oa kigingi kimoja nikakipigilia nyuma ya jikoni. Nilidhani kigingi ni kigingi tu. Wewe na kusoma kwako kote, ulipigilia kigingi hicho cha chuma juu ya kaburi la babu yako! Halina msalaba, ndiyo, lakini si ndipo ulipolia ukakataa kuondoka, ukiwa darasa la pili? Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya wale wanaume uliokuja nao kupima.

Mwonyeshe mkubwa wako barua hii, anicheke mimi. Halafu uje upime tena kabla ya mvua. Na hiyo kompyuta, kwa vile ina akili hivyo, iambie hapo pamelala mtu. Maji yapite kando.

Ni mimi susu yako,
Mbula