Mguu wa Kushoto Haukuyumba

Mbweni, Unguja
Jumapili

Babu yangu, shikamoo. Huku mvua haikati, lakini moyo wangu leo umetua.

Nlikuficha jambo. Tulipofika tu kambini kwa mpira, mwalimu wa michezo wa chuo chetu alitusimamisha mmoja mmoja kwa mguu mmoja, macho tumefumba. Anayeyumba, alisema, ndiye atakayeteguka uwanjani, kwa hiyo hachezi. Kwa mguu wa kulia nlisimama kama nguzo. Wa kushoto ukaniangusha mbele ya wenzangu, wakacheka.

Nkakumbuka ulivyokuwa ukinigombeza msikitini: "Kijana mzima, waosha mguu umeegemea ukuta!" Basi wiki tatu hizi, kila nkitawadha, ukuta siugusi, nasimamia huo wa kushoto peke yake. Jana mwalimu kanipima tena, nkasimama mpaka akachoka yeye kuhesabu. Leo nimecheza kwenye matope mpaka filimbi ya mwisho, na miguu yote miwili mizima. Hivi nakuandikia huku nnakunywa urojo.

Wewe babu, kwa goti lako hilo linalokuuma, egemea tu ukuta. Akikugombeza mtu, mwambie zamu ya kusimama sasa ni ya mjukuu wako,

Khamis