Usukani Mgumu wa Asubuhi

Jumamosi, 5 Julai
Upasuaji wa macho utaishia Alhamisi. Amesema muuguzi wa kitengo cha macho, hospitali yetu ya kisiwani, hapa Kilindoni. Ijumaa ni kufungua bandeji tu, kisha timu ya madaktari inarudi Dar kwa ndege ya mchana. Nimeandika habari aya sita, gazeti limechapisha nne.

Mama amekubaliwa. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Nyuso hazioni tangu mwaka juzi. Timu kama hii haiji mara kwa mara.

Tatizo ni kumtoa kijijini kwake, Ndagoni. Pikipiki hapandi. Mwaka jana ilimwangusha akateguka nyonga. Amesema, na ameshasema: "Sipandi tena kitu kisicho na mlango." Kwa hiyo ni gari langu. Na gari langu, asubuhi, usukani haugeuki. Ikifika adhuhuri unageuka kwa kidole. Wiki ya pili sasa. Bega langu la kushoto lilivunjika likaunga vibaya. Usukani mgumu siuwezi.

Jumapili, 6 Julai
Nimelipeleka kwa fundi Shaka baada ya adhuhuri. Ameketi, akaukata usukani kulia, akaukata kushoto. Laini. Akanitazama.

"Mwandishi, hili gari halina ugonjwa. Lina jini la asubuhi. Lipeleke kwa shehe, usiniletee mimi."

Vijiwe vyote vya karibu vikacheka. Nikamwambia afungue boneti. Akafungua kikopo cha mafuta ya usukani. Yamejaa. Rangi imepauka, akasema, lakini gari lenyewe la zamani. Nikamkumbusha kuwa mwezi jana usukani ulikuwa unalia kila nikikata kona, na sasa haulii. Akasema basi limepona lenyewe, nishukuru.

Sikushukuru. Kitu hakiponi chenyewe.

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba. Baridi ya kipupwe imeshika kweli. Zuhura, mke wangu, kavaa sweta ndani ya nyumba, na chupa yake ya mafuta ya nywele ameianika dirishani ipate jua.

Nimewasha gari alfajiri kulijaribu. Usukani kama umefungwa kwa kamba. Nimeacha injini iungurume hadi jua lilipopanda, ukalegea.

Gereji imefungwa kwa sikukuu. Nimemfuata Shaka nyumbani kwake. Amekuja na kandambili, kijiko cha chai bado mkononi. Akakaza mkanda wa pampu. "Sasa jini limefungwa mkanda." Ndiyo tiba yote. Sina fundi mwingine.

Jumanne, 8 Julai
Nimempigia Mama. Nimemtaka aje kesho mchana, wakati usukani ni laini, alale kwangu, Alhamisi asubuhi twende hospitali kwa miguu. Hatua chache.

Hataki. Kesho ni hitima ya baba. Haijawahi kusomwa bila yeye kuwepo nyumbani, na hatakuwa wa kwanza kuikimbia.

"Mama, ni macho."
"Na yeye alikuwa mume wangu. Macho yatangoja usiku mmoja."

Macho hayangoji. Nimelisema hilo mara mbili. Kabla ya kukata simu ameniuliza kama gari bado linalia. Nikamwambia haulii tena, usukani. Akasema alhamdulillahi, kwa furaha kubwa kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Mpango: niende Ndagoni kesho mchana, nilale huko na gari, tuondoke Alhamisi mapema. Mpango mbaya. Hakuna mwingine; magari ya kukodi asubuhi yote yanangoja wageni uwanja wa ndege.

Jumatano, 9 Julai
Nimefika Ndagoni salama. Mchana, usukani laini. Hitima imesomwa baada ya alasiri. Wali, samaki wa kupaka, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mzee Hamadi, jirani wa Mama, ameligonga gari langu kwenye boneti kama anayempiga mgongo ng'ombe wake. "Haya, mzima huyu?" Nimesema mzima wa mchana. Hakuelewa, akacheka tu.

Jioni Mama amenikanda bega kwa mafuta yake ya nazi. Anayakamua mwenyewe hata sasa, kwa kupapasa. Nazi anakuna mtoto wa jirani, tui anachuja yeye, moto anaujua kwa sauti. Anasema dawa ya kila kinachouma ni mafuta safi. Bega limelegea.

Amekwisha funga kifurushi chake. Kanga mbili, tasbihi, chupa ya mafuta yake, na leso mpya ya kufutia macho.

Alhamisi, 10 Julai
Naandika jioni. Nyumbani, Kilindoni.

Baridi alfajiri. Usukani jiwe. Niliacha injini ipashe, nikasubiri, nikasubiri. Jua halikutoka, wingu tupu. Muuguzi alisema tufike mapema. Nikaondoka.

Mkono wa kulia ndio ulioendesha. Kona ya kwanza tuliipata. Ya pili kwa shida. Ya tatu, kwenye mchanga baada ya kijiji, mlio mkubwa mbele, halafu harufu ya mpira kuungua. Mkanda umekatika. Usukani ukagoma kabisa. Tukaingia kwenye shamba la muhogo, taratibu, tukasimama. Hakuna aliyeumia. Mama akauliza kama tumefika.

Simu. Gari la kwanza la kukodi lilikuwa limepeleka wageni. La pili, dereva alisema atakuja akimaliza abiria wa uwanja wa ndege. Bajaji hazitaki ule mchanga. Shaka alikuja kwa pikipiki na mkanda mpya begani.

Mkanda haukusaidia. Pampu imekwama, haizunguki. Shaka akafungua kikopo cha mafuta ya usukani. Hii ilikuwa mara ya kwanza anakifungua asubuhi. Ndani peupe. Pameganda kama samli. Akachota kwa kidole, akanusa. Akanusa tena. Akanisogezea na mimi.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo. "Hii nazi."

Hakuniita mwandishi.

Kwenye kiti cha mbele Mama akasikia. "Si niliyatia mimi! Mwezi jana, ulipokwenda kuswali Ijumaa. Lilikuwa linalia, maskini, tangu unaingia. Hamadi akanifungulia, akaniongoza mkono mpaka kwenye tundu. Nimelitia yale mazuri, ya mkamuo wa kwanza."

Nilishika mlango wa gari. Mafuta ya mchana, nta ya asubuhi. Ndiyo maana lilinyamaza. Ndiyo maana liligoma. Pampu imekuwa ikisukuma samli kwa wiki mbili, na sisi tukaikazia mkanda.

"Au ndiyo yameharibu?" akauliza Mama. Alikuwa ameugeuza uso upande ambao hatukuwapo.

Shaka akanitazama. Mimi nikatazama muhogo.

"Hata, bibi," akasema Shaka. "Mkanda ulichoka tu. Mafuta yako ndiyo yaliyolifikisha hapa. Bila hayo lingekufia huko huko kwako."

"Nilijua. Mafuta yangu hayajapata kuharibu kitu."

Shaka akafunika kikopo, akakaza kifuniko kwa nguvu kuliko kinavyohitaji.

Gari la kukodi lilifika mchana. Hospitali tulifika wodi ikifagiwa. Mgonjwa wa mwisho alishatoka chumba cha upasuaji. Daktari alimtazama Mama kwa tochi, kwa upole, muda mrefu. Akasema macho yanafaa kabisa kupasuliwa. Akasema kesho hawapasui, kwa sababu jicho lililopasuliwa haliachwi bila wa kuliangalia. Nilimwomba. Nimeripoti hospitali hii miaka mingi, sijawahi kumwomba mtu kitu. Akasema pole, mzee.

Sahihi kabisa. Nisingemlaumu hata kwenye habari.

Ijumaa, 11 Julai
Kufungua bandeji. Nimekwenda kwa sababu ni kazi. Mama ametaka kuja, nikamkalisha kwenye benchi.

Mwanamke mmoja wa Baleni alifunguliwa wa tatu. Hakulia, hakupiga kelele. Alitazama mikono yake, mbele na nyuma. Akasema, "Kumbe nimezeeka hivi?" Mumewe akamjibu, "Mimi nilikuwa najua, nikanyamaza." Wodi nzima ikacheka. Mama naye alicheka, na kunishika mkono wa shati, nimweleze yule mwanamke anafanya nini sasa. Nikamweleza. Anajitazama. Bado? Bado.

Ndege imeondoka mchana. Tumeisikia wote wawili tukiwa uani. Nimetuma aya tano. Gari halimo.

Jumapili, 13 Julai
Shaka amelivuta gari jana. Ameosha mipira ya kupitisha mafuta na kikopo kwa dizeli mara kadhaa, bado vinanuka kama jikoni. Pampu imekufa. Hakufanya mzaha hata mmoja.

Mama yupo kwangu mpaka nipate gari la kumrudisha. Asubuhi ameomba chupa yake ya mafuta ianikwe juani. Yalipoyeyuka amenikanda bega. Mikono yake inajua pale mfupa ulipounga vibaya, haitafuti. Ameuliza nani atalitia gari mafuta safari hii. Nimesema Shaka. Akasema nimwambie asitumie ya dukani, atampa yake. Nikasema nitamwambia.

Nimekaa nikakandwa. Kazi yangu ni kuandika kilichotokea na nani amesema. Hili sijamwambia, na sitamwambia.

Pampu ya mtumba inakuja na boti Jumanne. Timu ya macho, kwa mujibu wa muuguzi, huenda ikarudi Februari. Siku bado haijapangwa. Februari mafuta ya nazi hayagandi.