Jina la Kabla ya Homa

Kijijini, 9 Januari 2023

Shikamoo Mama,
Presha yako haijambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku inatafuna mifupa.

Daw Tin, mchuuzi anayepita huku, atakuletea flashi ndani ya mtungi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Kwa harufu ile, askari gani atatia mkono? Zimo picha za watu waliouawa na askari monasterini. Nilizipiga kabla hatujawazika, kisha nikazifunga kwa neno la siri. Kwenye kompyuta yako kuna ukurasa niliouhifadhi, unafunguka kwenye kivinjari hata mtandao ukikatwa. Ingiza faili, andika neno hilo, basi. Neno ni jina uliloniita kabla mnajimu hajalibadilisha, nilipougua homa. Halimo kwenye kitambulisho. Usiliandike popote.

Usifungue nikiwa hai. Wakikubana, useme kweli hujaona kitu. Barua zangu zikikoma mpaka msimu wa mvua uanze, fungua, uwaonyeshe wenye watu wao.

Mwanao,
Nyan Htut

Mandalay, 2 Februari

Mwanangu,
U mzima? Presha ipo, nishaizoea. Mtungi umefika, nyumba nzima inanuka. Majirani wananicheka, eti mwalimu mstaafu kawa muuza samaki!

Daw Tin naye mdomo hauna breki, kamwambia jirani yangu Ohn Kyi kuhusu picha. Thurein, mwana wa Ohn Kyi, alikuwa monasterini siku ile, hajulikani alipo. Yumo? Nijibu hilo tu.

Mama yako

Mandalay, 28 Mei

Mwanangu,
Salama huko? Hujajibu. Mvua imeanza, lakini ni manyunyu tu, siyahesabu.

Ohn Kyi kaja tena. "Mwalimu, fungua! Bado namwekea mwanangu sahani ya chakula mezani. Kama kafa niambie, niwalishe watawa, roho yake iende zake."

Nikamwambia kompyuta imeharibika. Nikifungua nitakuwa nimekuzika, na siwezi.

Mama yako

Mandalay, 20 Julai

Mwanangu,
Sina wa kumpa barua hii, Daw Tin hapiti tena. Hujambo lakini?

Barabara zimekuwa mito. Jana nilimwita Ohn Kyi, nikaandika jina lako la kabla ya homa. Mara ya kwanza nilikosea, picha zikakataa kufunguka. Nilifurahi, nisamehe. Mara ya pili zikafunguka.

Thurein yumo. Ohn Kyi hakulia, aliuliza tu ni nani aliyemfunika kwa koti la buluu. Nikamwambia ni la mwanangu, nililinunua mwenyewe.

Leo kawalisha watawa, kaondoa sahani. Watawa wakaniuliza kama nami nina jina la marehemu wa kuombewa. Nikasema sina.

Sahani yako iko mezani.

Mama yako