Mkono Umekosa, Miguu Ifungiwe?

Baba Mwende wangu,

Natumai huko uliko hakuna simu. Kama zipo, basi habari umeshazipata, nami nilitaka uzisikie kwangu. Jana asubuhi mama yake Kioko alifika hapa nyumbani na vitu viwili kwenye kiondo: barua na paja la mbuzi. Barua ilitaka sahihi yangu, paja lilitaka kuliwa. Unajua kwetu hapa, katika jambo kama hili, huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Ni Kioko wetu huyu huyu, tuliyemlea miaka miwili ya mwisho ya sekondari, akilala kile chumba cha nje ulichokuwa ukiwekea mipira. Siku hizi anachezea timu kubwa Nairobi. Watoto wa Mwala wanajiandikia namba yake, tisa, mgongoni kwa makaa, mama zao wanasugua fulana na kulaani. Wiki tatu zilizopita alimpiga Syombua, mkewe, akamvunja mkono wa kushoto mahali pawili. Picha ya plasta ikazunguka kwenye simu za watu, timu ikamsimamisha. Kesho Ijumaa kamati inakaa kuamua kama atarudi uwanjani au atavunjiwa mkataba.

Juzi wazee walipeleka mbuzi kwa kina Syombua. Akachinjwa, akaliwa, wakasema yamekwisha. Paja nililoletewa ni fungu langu kama mlezi. Na barua, iliyochapwa vizuri mjini, inasema kwamba palitokea kutoelewana katika nyumba, kwamba familia mbili zimekula pamoja, na kwamba mimi niliyemlea nathibitisha Kioko hajawahi kumwinulia mtu mkono tangu ujana wake.

Hajawahi. Nilivaa miwani nikalisoma neno hilo tena.

"Ni sahihi tu, Mama Mwende," mama Kioko akaniambia. "Hiyo timu inawajua nyinyi. Si ni wewe na marehemu mliweka sahihi siku ya kwanza?"

Nikamwambia aniache nifikirie. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kiondo kitupu, na kanga yake ilikuwa imelowa jasho maana alikuja kwa miguu kwenye lile jua. Kisha akaniuliza. "Mkono ndio umekosa. Sasa miguu inafungiwa ya nini?"

Baba Mwende, wewe ndiwe uliyekuwa na majibu ya mpira. Mimi nilishona jezi tu. Lakini nimelizungusha swali hilo kichwani tangu jana. Fundi wa kuchonga kule Wamunyu akimpiga mkewe, nani amewahi kumnyang'anya tezo? Mwalimu akimpiga mkewe, Jumatatu yuko ubaoni na chaki yake, na tunamwamkia. Kwa nini mchezaji peke yake anyang'anywe kazi? Halafu nikawakumbuka wale watoto wenye tisa ya makaa. Hakuna mtoto anayejiandika fundi mgongoni. Hapo nikakwama, nikaenda kulisha kuku.

Unakumbuka magoli yetu ya shuleni? Ulimtuma yule rafiki yako mchongaji atengeneze nguzo nne za mti mgumu. Mkono wake haukuweza kutulia, akachonga kichwa cha twiga juu ya nguzo moja. Refa aliyekuja mara ya kwanza akakataa kuchezesha mpaka twiga akatwe, ukabishana naye hadi kipenga kikakudondoka mdomoni. Nilikuwa pembeni na sindano mdomoni, nikicheka. Ndipo nilipojua nimeolewa na mtu mgumu.

Na ulikuwa mgumu kweli. Jezi ni shati la watu wote, ulikuwa ukisema. Kipa alimtukana mpishi wa shule, ukamkalisha benchi mechi tatu, na ukafungwa mechi zote tatu bila kusema neno. Nilikupenda kwa hilo kuliko kwa mambo mengi uliyodhani nakupendea.

Kisha akaja Kioko, akakukuta na udhaifu. Alifika hapa na ndara moja mguuni, nyingine ilikatika njiani akaitia mfukoni. Ukampa mpira aupige, ukaniita jikoni. "Njoo uone mguu." Nikaja na unga mikononi. Sijui mpira, lakini uso wako niliujua, na siku ile ulikuwa uso wa mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mimi pia nilimpenda. Bado nampenda, na hiyo ndiyo shida yangu.

Sasa nakuja kwa Ndunge. Najua hutaki. Hata mimi sitaki.

Ilikuwa wiki ya fainali ya kaunti. Ndunge alikuwa kidato cha tatu, mdakaji wa netiboli, mrefu, mcheshi. Kioko alimwandikia barua ya mapenzi, yeye akaisoma mbele ya wenzake wakacheka. Jioni Kioko akamvizia nyuma ya stoo ya majembe, akampiga ngumi ya mdomo. Jino la mbele likatoka. Mwalimu mkuu akasema jambo la wachezaji ni lako, uamue. Ukarudi nyumbani, ukakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi muda mrefu.

"Nikimwacha nje, timu imekwisha," ulisema. "Nikimpeleka, nitamtazamaje yule msichana?"

Watu wakikusifu kanisani kwamba ulikuwa mtu wa haki, mimi huinamisha kichwa, wakidhani nakulilia. Ni mimi niliyekujibu, Baba Mwende. Nilikwambia, pelekeni mbuzi. Nilisema kama mtu anayeshauri mboga ya kupika. Ukanitazama kama niliyekuokoa na maji.

Nilikwenda nanyi kwa baba yake Ndunge kusaidia kupika. Hatukuwa watu wabaya siku ile. Tuliomba, wazee wakazungumza kwa heshima, baba yake akasema ameridhika. Nyama ikaiva. Kabla ya kula, akatolewa mtoto wa nyumbani anawishe wageni mikono, na mtoto wa nyumbani alikuwa Ndunge. Alizunguka na birika na karai, mdomo umevimba upande mmoja. Akamfikia Kioko. Kioko akanyoosha mikono bila kuinua macho. Ndunge akammwagia maji, akamngoja amalize, akampa kitambaa. Nilikuwa nimesimama na mwiko nikiona yote hayo. Nikapakua.

Jumamosi mkashinda, mabao mawili, yote ya Kioko. Muhula uliofuata Ndunge hakurudi shuleni, na kwa kuwa nyama ilikuwa imeliwa, hakuna aliyeuliza. Lakini wewe hukula tena mbuzi. Ulisema ni presha, daktari amekataza nyama nyekundu. Ng'ombe ulikula. Niliona, nikanyamaza, nawe ukaniona nimenyamaza.

Leo asubuhi, kabla jua halijawa kali, nikaenda sokoni Mwala. Ndunge ana meza yake upande wa nafaka, anauza ndengu na mbaazi. Amekuwa mama mnene mzuri. Bado akicheka anafunika mdomo. Nikamsomea ile barua yote, polepole, hapo hapo katikati ya magunia.

Akanisikiliza akipepeta. Nilipomaliza akaweka ungo chini. "Mimi mambo ya mpira sijui, mwalimu," akasema. Huwa ananiita mwalimu kwa sababu yako. "Acheze, asicheze, hiyo ni yao. Lakini kama hajawahi, hii pengo ni ya nani?"

Nikaikunja barua. Akanihurumia, akabadilisha maneno. "Marehemu alikuwa anakuja hapa, ulijua?"

Sikujua. Akaniambia kila Jumatano ulikuja, ukanunua ndengu kilo mbili, ukasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha ukasema haya Ndunge, ukaenda. Miaka hiyo yote. Baba Mwende, na nilivyokugombeza. Tulikuwa na ndengu zetu wenyewe mpaka panya wanachoka, nawe unaleta zingine kutoka sokoni. Nilikuita mzee asiyejua nyumba yake ina nini, mbele ya Mwende. Ukacheka, ukazimwaga kwenye debe.

"Hakuwahi kusema kitu?" nikamuuliza Ndunge.

"Hapana. Nilikuwa namngojea."

Nilitaka kulisema hapo neno lenyewe, la kuomba radhi. Niliketi juu ya gunia, nikafungua mdomo. Mteja akaja akiulizia mbaazi. Alipoondoka nikasikia sauti yangu inasema, "Nipimie ndengu kilo mbili." Ndunge akanitazama, akapima. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Ukiandika yako, andika jina langu. Lote."

Kioko amekuja saa saba mchana kuchukua barua. Gari aliliacha barabarani, akaingia kwa kuinamisha kichwa pale mlangoni kama zamani, ingawa mlango huo uliuinua kwa ajili yake. Amekonda. Akaniuliza hali ya goti langu kabla ya kitu kingine chochote. Ndivyo alivyo, na usinitake nikuambie ni mnyama, maana si mnyama. Nikapakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Akakaa kwenye kiti chako, akanyoosha mikono nimwagie maji.

Nilishika birika. Nikaitazama ile mikono. Safi, kucha zimekatwa. Nikakumbuka birika nyingine na karai jingine, na mkono wangu ukakataa. Sikuwa nimepanga. Nikaiweka birika mezani mbele yake.

"Jimwagie mwenyewe."

Akabaki na mikono hewani. Halafu akaishusha polepole, akaipakata. Hakula.

Nikampa barua niliyoiandika kwa mkono wangu. Nimesema nilimlea na nampenda. Nimesema akiwa kidato cha nne alimvunja Ndunge jino, nimeandika jina lote kama alivyotaka. Nimesema sisi walezi wake tulijua, tukampika mbuzi, tukamwachia acheze Jumamosi ile. Nimewaomba wamwite Syombua wamuulize mwenyewe, bila mzee yeyote kukaa kando yake, maana nilipompigia simu jana alinong'ona. Alisema, "Mama, wakimfukuza watasema ni mimi nimeua kipaji." Mtu mwenye plasta ndiye anayebeba lawama ya kipaji. Sikuomba afukuzwe. Sikuomba arudishwe. Siku ile tulipojiamulia wenyewe tuliamua vibaya, sijiamini tena.

Akaisoma mara mbili. "Mwaitu, mama yangu, hii itanimaliza."

"Pengine."

"Si mbuzi ililiwa?" Sauti yake ilikuwa ya kijana wa kidato. "Na ile ya kwanza pia ililiwa. Nyinyi ndio mlisema ikishaliwa imeisha. Mwalimu alinipigia magoti hapa, akanifunga kamba za viatu asubuhi ile ya fainali, akaniambia imeisha, cheza."

Sikujua ulimfunga kamba. Niliingia jikoni. Baba Mwende, mchelea mwana kulia hulia yeye, methali hiyo uliwafundisha watoto wa watu miaka thelathini. Tungemwacha nje mechi moja tu. Moja. Labda angetulaani, labda angeacha mpira akaenda kuchota mchanga mtoni, na leo ningekuwa nakulaumu kwa hilo. Au labda Syombua angekuwa na mikono miwili ya kubebea mtoto wake. Sijui. Mama yake anauliza miguu inafungiwa ya nini, nami nadhani jibu ni kwamba miguu ndiyo tuliyoilinda. Kila mkono ulipokosa, sisi tulikimbilia miguu.

Nilipotoka jikoni nilikuwa nimelishika lile paja. Nilikuwa nimelipaka chumvi tangu jana lisiharibike, maana nyama ni nyama. Nikalifunga kwa gazeti, nikampa.

"Mpelekee mama yako. Mwambie nimeshukuru, lakini sikula."

Alijua maana yake. Uso ulimbadilika kuliko aliposoma barua. Aliniuliza kama basi yeye si mtoto wangu tena, na hapo nililia, nikamshika shingo yake ndefu nikamwambia ni wangu, na ndiyo sababu. Alilia pia. Sikumwambia imeisha. Aliondoka amelishika lile gazeti kwa mikono miwili. Barua yangu aliiacha mezani, na ile yao iliyochapwa nikawashia jiko.

Kesho naipeleka mwenyewe. Nitaondoka na gari la kwanza, nitavaa lile koti lako la kaunti maana hao wanakamati wanalijua. Naogopa. Kijiji kitanihama, na mama Kioko hatanipa tena chumvi. Ningetaka unifunge kamba za viatu na mimi.

Nikirudi nitashukia sokoni. Kilo zangu mbili za leo nimezimwaga kwenye debe, juu ya zile zako, maana hatujazimaliza. Kesho sinunui ndengu. Nitakaa kwenye lile gunia, wateja waje waende, mpaka nilitoe lile neno lililokushinda kila Jumatano. Nitalisema kwa ajili yetu wawili. Akilikataa, ni haki yake.

Pumzika, mpenzi wangu mgumu. Twiga wako bado yuko juu ya nguzo.

Ni mimi mkeo, Mama Mwende, niliyepika.